Kitu cha kushika na wimbo wa hewani: tunalilia nini wakati tunalilia disiki na kaseti?

Kila mara watu waliopita miaka makumi ine wanapokutana, kwenye kilio ao kwenye ndoa, mazungumzo yanafika fasi moja: zamani tulikuwa na disiki, tulikuwa na kaseti, leo hatuna kitu. Kijana anayekaa karibu anashangaa. Mu telefone yake kuko nyimbo nyingi kupita zile zote baba yake alisikia tangu kuzaliwa. Namna gani yeye mwenye kuwa na vyote aambiwe kama hana kitu, na muzee mwenye sanduku la disiki za kukwaruzika ajione tajiri?

Sisi wenye kuandika kurasa hizi tunaona kama swali hili si la kuchekesha watu tu. Linagusa mambo tatu makubwa: maana ya kuwa na kitu, maana ya kukumbuka, na deni letu kwa wale watakaotufwata. Tutaangalia kwanza njia tuliyopita. Kisha tutasikiliza vijana, kwa sababu wako na haki ya kusikilizwa. Kisha tutarudi kwa wazee wa zamani zaidi, wale ambao hawakujua disiki wala kaseti, kwa maana wao njo walifikiri mbele yetu juu ya kitu na kumbukumbu.

1. Njia tuliyopita

Muziki wetu wa Kongo ulikua pamoja na vitu vya kushikwa. Mu mwaka 1948, wachuruzi Wagiriki walianzisha kule Léopoldville nyumba ya disiki iliyoitwa Ngoma, na mwaka ule ule Wendo Kolosoy akatoa «Marie-Louise» pamoja na mupiga gita Henri Bowane. Watu walisema kama wimbo ule ukipigwa usiku unaweza kufufua wafu. Tuamini ao tusiamini, inaonyesha heshima ambayo watu walitia mu kile kisahani cheusi. Mu 1950 Loningisa ilifwata, na mu 1953 kijana Franco akaanza kutia sauti yake mule.

Huku kwetu Katanga, mu 1952, Hugh Tracey alikuta Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akakamata sauti yake na gita yake. Wimbo «Masanga» ulitoka hapo ukazunguka Afrika kwa disiki. Bosco aliimba mu Kiswahili chetu, kile cha kambi na cha mutaa, na watu wa mbali sana walijifunza kupiga gita kwa kusikiliza vidole vyake ku disiki tu, bila kumuona hata siku moja.

Disiki zile za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba karibu dakika tatu. Njo maana nyimbo za wakati ule ni fupi: kisahani kiliamuru mwimbaji. Zilikuwa nzito, na zikianguka chini zinavunjika sawa sahani ya kula. Kisha zikakuja disiki ndogo za mizunguko 45. Orkestra zetu zilijifunza kugawanya wimbo mara mbili: upande wa kwanza maneno, pole pole, upande wa pili sebene, watu wasimame wacheze. Mutu alipaswa kuinuka, kugeuza disiki, kutia sindano tena. Ule muda mufupi wa kimya kati ya pande mbili, kila mutu aliyeishi wakati ule anaujua mu mwili wake.

Kaseti ilitengenezwa na watu wa Philips mu 1963, lakini kwetu ilitawala zaidi miaka ya 1970 na ya 1980. Kaseti njo ilikuwa ya watu wote. Haikuomba umeme, iliomba mabuye ya radio tu. Mukanda wake ukitoka inje, ulichukua biki ukaurudisha pole pole. Kisha disiki za CD, zilizoanza kuuzishwa kule Japani mu 1982, zikafika mu masoko yetu kwa kuchelewa. Kwa picha, tulikuwa na kaseti kubwa za video, kisha VCD na DVD, na zile nyumba za video fasi watoto walilipa kidogo wakakaa ku mabanki ya mbao kuangalia filamu. Kisha vijana wenye ordinatere wakaanza kukaa kando ya barabara kutilia watu nyimbo mia mu kadi ndogo ya telefone. Na leo kadi yenyewe inaanza kuachwa: wimbo unakuja hewani, unasikika, unapotea. Ukimaliza mega, umemaliza wimbo.

2. Vijana wanasema nini

Tuliuliza vijana wa kwetu. Jibu lao liko na nguvu, hatuwezi kulifunika.

Wanasema hivi: wimbo ni wimbo. Disiki ilikuwa nguo yake tu, na mutu hapaswi kulilia nguo wakati mwenye nguo yuko muzima. Tena wanasema: ile zamani munayosifu ilikuwa ya nani? Ya karani, ya mwalimu, ya mutumikaji wa kampuni mwenye mushahara. Mulimaji wa kijiji hakununua pikapu. Leo binti wa Kamituga, akiwa na telefone ya bei ya chini na mega kidogo, anaweza kusikiliza Bosco, Franco na Tabu Ley siku moja. Je, haki haikusonga mbele?

Wanaongeza neno lingine, na hili linatuchoma. Vitu vyenu vya kushika viko wapi? Vita vilipita mu Kivu, nyumba zikaporwa. Mu Januari 2002 Nyiragongo ilitapika moto, ukapita katikati ya Goma, na mu Mei 2021 ikatapika tena. Jamaa ngapi walikimbia na mutoto mugongoni na godoro ku kichwa, wakaacha kila kitu? Nyimbo nyingi ambazo leo tunazipata tena, tunazipata kwa sababu mutu fulani, pengine wa mbali, alizitoa ku disiki akazitia hewani.

Haya yote ni kweli. Mutu anayesema «zamani yote ilikuwa nzuri» hakumbuki vizuri. Tena tusisahau: mu miaka ya kaseti, nakala zilitengenezwa usiku na muchana bila ruhusa, na mwimbaji hakuona hata likuta. Na mbele ya kaseti, mu siku za disiki za kwanza, wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu, feza kidogo, kisha nyumba ya disiki ikauzisha miaka na miaka. Basi wazee wasiinuke kuambia vijana kama wao njo wanakula jasho la musanii. Jasho la musanii lililiwa tangu mwanzo. Sahani tu njo ilibadilika.

Sasa, kama vijana wako na haki kwa mambo haya yote, mbona kilio kinabaki? Mutu hawezi kulia miaka yote juu ya nguo. Lazima kuko kitu kingine kilichopotea pamoja na disiki, kitu ambacho hatukukipa jina vizuri.

3. Wazee wa lukasa

Tuende kwa Waluba. Mu ufalme wao wa zamani, kuko kibao cha mbao kinachoitwa lukasa. Ni kidogo, kinaingia mu mukono. Juu yake wametia ushanga, magamba na misumari midogo ya chuma. Mutu asiyejua ataona mapambo tu. Lakini wale wa ushirika wa Mbudye, walinzi wa historia ya ufalme, walikishika ku mukono wa kushoto, na kidole cha mukono wa kuume kikatembea juu ya ushanga. Ushanga mukubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mufalme na watu wake. Musitari wa ushanga uliweza kuwa njia, ao safari. Kidole kikienda, kinywa kinafwata: majina ya wafalme, fasi walizopita, sheria walizoacha.

Angalia vizuri, ndugu musomaji. Historia haikuandikwa mule ndani sawa mu kitabu. Wasomaji wawili wa lukasa moja hawakusema maneno yale yale; ilifwata nani anasema, na nani anasikiliza. Kibao bila mutu kilikuwa bubu. Na mutu bila kibao? Pengine angekumbuka, lakini angeruka fasi, angechanganya njia. Walihitajiana.

Kwa Walega ni namna moja. Mu Bwami, kila sanamu ya mufupa ao ya pembe iko na mezali zake, na sanamu haikutolewa bila kusemwa. Ilipita toka kwa mukubwa ikaenda kwa yule anayemufwata. Aliyeipokea hakupokea pembe tu, alipokea maneno na cheo cha kuyasema, na jina la wale walioishika mbele yake.

Hawa wazee hawakuamini kama kumbukumbu inakaa mu kitu peke yake. Hawakuamini tena kama inakaa mu kichwa peke yake. Kwao ilikaa mu mambo tatu pamoja: kitu kinachoshikwa, kinywa kinachosema, na sikio lililo karibu. Ondoa moja, zingine mbili zinaanguka.

Sasa turudi ku disiki. Baba alitoa disiki mu karatasi yake. Mbele ya kuitia ku pikapu, alisema: «Hii nilinunua mwaka uliozaliwa dada yako.» Ao: «Huyu anayepiga solo, tulikaa naye mutaa mmoja.» Ku karatasi kulikuwa jina la mwenye kuitoa zawadi, tarehe, pengine alama ya bilauri. Kulikuwa mukwaruzo fasi fulani, na watoto walijua kama wimbo utaruka pale, wakaruka nao kwa kucheka. Kitu, kinywa, sikio. Disiki ilikuwa lukasa ya nyumba, na hakuna aliyejua kama njo vile.

Kwa hiyo vijana wako na haki: tungelilia disiki peke yake, tungelilia mbao na ushanga. Na wazee wako na haki vilevile: wimbo peke yake, hata ukiwa safi kabisa bila mukwaruzo, hauchukue nafasi ya yale mambo tatu.

4. Kuwa na kitu, na kuruhusiwa kitu

Kuko tena swali la mali. Disiki ulilipa mara moja ikawa yako. Uliweza kuiazimisha, kuitoa zawadi, kuikatala kwa jirani mwenye mikono mibaya, kuiachia mwana. Wimbo wa hewani ni namna ingine. Unalipa mwezi kwa mwezi, ao unalipa mega, na unachonunua si wimbo, ni ruhusa ya kuusikiliza. Ukiacha kulipa, mulango unafungwa. Na hata ukilipa vizuri, mapatano kati ya mwenye wimbo na kampuni yakivunjika, siku moja unatafuta wimbo hauko tena, na hakuna wa kuuliza. Weye ni mugeni anayelala ku mukeka wa watu.

Mutu atasema: kuwa mugeni si zambi. Ni kweli, na mu desturi zetu mugeni anaheshimiwa. Lakini mugeni hana uriti wa kuacha. Njo hapo tunaona hatari. Tulishuhudia jamaa moja kisha matanga ya baba yao. Waligawa viti, redio, nguo. Sanduku la disiki lilibaki mu kona, hakuna aliyelitaka, pikapu ilikufa tangu zamani. Kisha mmoja akafungua, akasoma mwandiko wa baba ku karatasi ya kwanza. Akanyamaza. Wengine wakakaribia. Mangaribi ile walikaa kusoma makaratasi, disiki kwa disiki, na kila moja ilitoa hadizi, na wajukuu walisikia majina ambayo hawakuyasikia mbele. Hakuna wimbo hata mmoja uliopigwa! Mwishoni waligombana kidogo: kila mutu sasa alitaka yake. Ugomvi ule, sisi tuliupenda.

Jiulize sasa: mutoto wetu atafungua nini, sisi tukienda? Telefone iliyofungwa kwa namba ya siri? Orodha ya nyimbo yenye kuishi mu mashini ya watu wa mbali?

Na kuko jambo la majina. Disiki, hata ile ya bei ya chini, ilibeba ku kati yake jina la mwimbaji, pengine la mutungaji, na la nyumba iliyoitoa. Kadi ya telefone iliyotiwa nyimbo kando ya barabara mara nyingi inasema tu: wimbo wa 7, mwimbaji hajulikani. Kwetu kupoteza jina la mutu ni kumuzika mara ya pili. Mu Desemba 2021, UNESCO ilitia rumba ya Kongo, ya nchi zote mbili, mu orodha ya uriti wa watu wote wa dunia. Tulishangilia, na ilifaa. Lakini uriti gani huu, kama mutoto wetu anacheza rumba kutwa na hajui nani aliyepiga gita?

5. Je, uchache ulikuwa muzuri?

Wengine wetu wanaenda mbali, wanasema: tulipenda nyimbo kwa sababu zilikuwa chache na zilikuwa gali. Tuwe waangalifu. Njaa haikuwa nzuri kwa sababu chakula cha siku ya sikukuu kilikuwa kitamu. Mutu asisifu umaskini kwa kumbukumbu, wakati wenye kuishi nao leo wanaulilia.

Lakini kuko tofauti kati ya uchache na kipimo. Uchache unakupata bila kupenda. Kipimo unajiwekea. Yule aliyekuwa na feza ya disiki moja kwa mwezi alipaswa kuchagua, na kuchagua ni kujijua: nani mimi, napenda nini, naacha nini. Aliporudi nayo nyumbani, pikapu ilikuwa moja, masikio kumi. Mama alitaka ya kanisa, kaka sebene, muzee Wendo. Walipatana. Mutu alisikiliza wimbo wa mwengine kwa uvumilivu, akingoja zamu yake, na kwa kungoja akaanza kuupenda. Leo kila mutu ana waya yake mu sikio. Hakuna ugomvi, na hakuna mapatano. Nyumba moja, watu kumi, kila mmoja peke yake na wimbo wake. Kipimo hiki tunaweza kujiwekea hata leo, na telefone ile ile. Hakuna anayetukataza.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Tunafika ku jibu. Kutamani zamani si ujinga, na si hekima vilevile. Inafwata inakuongoza wapi. Ikikukalisha ku kiti kulaumu watoto, ni uvivu uliovaa nguo ya heshima. Ikikuinua kuokoa kitu, ni desturi inayoendelea kuishi.

Na kuokoa kuko na haraka, si kesho. Wengi wako na kaseti ya video ya ndoa ya wazazi, ao ya kilio cha babu. Mule njo kuko sura na sauti ya watu ambao hatuna nao hata picha ingine. Mukanda ule si wa milele: unyevu unauota kuvu, joto linaulegeza. Na mashini za kuusoma zinaisha. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mu Julai 2016. Kila mwaka zile za zamani zinakufa, na fundi anayezijua anazeeka. Jamaa inayosema «tutaangalia siku moja» inaweza kukuta siku hiyo kaseti iko na mashini hakuna. Hapa telefone ya kijana si adui, ni dawa: yeye njo anaweza kutafuta fundi, kuhamisha picha, kuziweka mu fasi mbili ao tatu, ili moto ao mwizi asichukue zote.

Lakini kuhamisha sauti bila kuhamisha maneno ni kurudia ile kosa ya wimbo wa 7. Wazee wakae pale wakati kijana anatumika. Waseme: huyu mwenye kofia ni nani, ule wimbo ulipigwa na orkestra gani, mwaka gani, kwa nini shangazi analia. Kijana aandike. Kisha asitupe kaseti yenyewe wala karatasi ya disiki, hata kama haitapigwa tena. Wa lukasa hawakutupa kibao kwa sababu walijua maneno. Kiwekwe mu kabati, fasi mutoto anaweza kukigusa na kuuliza: «Hii ni nini?»

Na sisi wa ushirika, tunaomba kila jamaa jambo dogo. Siku moja kwa mwezi, kisha misa ao ibada, muketi pamoja ku barza, muondoe waya mu masikio, mutie nyimbo tano tu, hata kutoka telefone. Kila wimbo uchaguliwe na mutu mmoja, na mbele ya kuupiga aseme unatoka wapi na kwa nini anauchagua. Muanze na bibi, mumalize na mutoto mudogo. Mumusikilize mutoto vilevile, kwa sababu wimbo wake wa leo njo atakaoulilia akiwa muzee, na ni vizuri kuwe mutu aliyesikia sababu yake.